Kanga Katikati ya Tela

Vijana wangu mliobaki ofisini, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye sasa hana pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni, na kila ikilia nasimama nikidhani nimechelewa kazini. Mmoja wenu aliniomba niandike kazi ilikuwaje katika miaka ya wakimbizi, wakati ninyi mlikuwa mnanyonya au hamjazaliwa. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa kuwa vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kuisha. Nitawaandikia habari za Tramu, maana nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka jirani anachungulia dirishani kuona kama niko salama.

Nilifika Biharamulo nikitokea kwetu Murukulazo, Ngara, nikiwa afisa utamaduni msaidizi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ofisi: meza, filimbi ya refa, mpira wa pete uliopasuka, na ngoma isiyo na ngozi. Nikamuuliza aliyenikabidhi, utamaduni wenyewe uko wapi? Akanionyesha dirishani kwa kidevu, akaenda zake kunywa chai. Nikachungulia. Kilimani kulikuwa na Boma la Wajerumani na kuta zake nene. Upande wa pili kulikuwa na kanisa la zamani la matofali ya kuchoma. Bondeni ilisimama miti mikubwa ya mivumu iliyobaki pale palipokuwa na ua wa mtemi, na karibu yake akina mama waliokuwa wakifinyanga vyungu tangu enzi za bibi zao. Nikajiambia, Leokadia, kazi ipo.

Miaka ile mji wetu ulifurika. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi walikuwa kambini, watu wengi kuliko mji wowote tuliouzoea, na magari meupe yalipita usiku na mchana yakitutimulia vumbi. Wafanyakazi wa misaada walikuja kutoka kila kona ya dunia, na Jumapili hawakuwa na pa kwenda. Watoto wa kambini nao walikuwa wanakua bila kuona kitu kingine zaidi ya maturubai ya bluu. Mkuu wangu akaniita akasema anataka ziara za urithi wa mji, wageni na wanafunzi wazungushwe, waonyeshwe mambo ya kale. Nikamuuliza wazungushwe kwa gari gani. Akasema hilo ni swali zuri, akafunga kikao.

Gari nilipewa na Sospeta. Huyu alikuwa dereva wa trekta lililoachwa na mradi wa pamba, trekta lililozeeka mpaka rangi yake ilikuwa mjadala. Sospeta ndiye aliyenifunza kazi, japokuwa kwenye makaratasi mimi nilikuwa bosi wake. Alikuwa na tela la magurudumu manne lililokuwa la kubebea pamba. Akalipigilia mabenchi mawili marefu yanayotazamana, akalifunika kwa paa la turubai, na mbele akatundika rimu ya gari ili nigonge kama kengele ya shule tukifika kituoni. Breki ya tela aliitengeneza kutokana na chuma kirefu cha jembe la trekta, kimesimama nyuma kabisa, mwisho wa benchi la kulia. Kila asubuhi kabla ya safari alinipeleka kuangalia pini inayounganisha trekta na tela. "Bi Leokadia," aliniambia, "wageni utawasalimia baadaye. Hii hapa isalimie kwanza." Na mimi, namwogopa Mungu, nilikuwa nainama naigusa.

Jina la Tramu tulilipata kwa padre mmoja mgeni aliyetukuta tukipaka tela rangi. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema katika mji wao kuna mabehewa ya zamani yanayopita kwenye reli barabarani, yanawazungusha wageni kuona majengo ya kale, na yanaitwa tramu. Sisi reli hatukuwa nayo, na lami tuliisikia tu, lakini jina tukalichukua. Akina mama wa sokoni wakaliita Talamu, na Talamu ikaingia mjini kwa vifijo.

Kilichobaki ni wasimulizi. Niliulizia nikaelekezwa kwa Bibi Veneranda wa Nyabusozi, Msubi halisi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alijua kila jiwe la ua wa mtemi na kila kituko cha Mjerumani aliyejenga Boma. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akakubali kabla sijamaliza kueleza. Kisha nikatafuta mpiga ngoma. Nikampata Domisiani, Mhangaza wa Mbuba aliyeoa huku, mwalimu wa kwaya, mtu wa kicheko cha karibu, na ngoma akiigusa hata kuku wanasimama kusikiliza. Nilimuuliza ameoa kwa nani. Akatazama miguu yake akasema, "Kwa watu wa huko Nyabusozi." Nilimuuliza na Bibi Veneranda kama ana wakwe hapa mjini. Akavuta kanga akasema, "Yupo mmoja." Mimi ni mtoto wa hukuhuku, ningepaswa kunusa kitu. Sikunusa.

Siku ya uzinduzi nikamketisha Bibi Veneranda benchi la kulia na Domisiani benchi la kushoto, wakitazamana goti kwa goti, ili wasimulie kwa kupokezana. Bibi alipanda kwanza. Domisiani akaja na ngoma yake kichwani, akaiteremsha, akainua macho.

"Mawe!" akapiga kelele bibi, yaani mama yangu wee kwa lugha ya huku, akajifunika kanga kichwa kizima.

Domisiani aliruka. Simaanishi alishuka, aliruka, akaenda kujificha nyuma ya gurudumu la trekta, akabaki pale akiwa amechuchumaa mbele ya wageni wote. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameoa Agnesi, binti wa Veneranda. Na kwa ukoo wao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, na hawatajani majina hata kwa kuulizwa. Hata sisi Wahangaza tuna heshima hiyo, ila wengi tumeilegeza. Veneranda hakuwa mtu wa kulegeza kitu. Kumbe ndiyo maana hakuna aliyeniambia: ili aniambie, kila mmoja ingebidi amtaje mwenzake.

Nilikuwa na wageni tela zima na wasimulizi wawili wasioweza kukaa pamoja. Nikafungua kanga yangu ya mabegani, nikamwomba Sospeta kamba, tukaitundika katikati ya tela kutoka mbele hadi nyuma. Nikaunganisha na ya pili. Bibi akabaki kulia, Domisiani akapanda kushoto, na Talamu ikaondoka.

Nilidhani nimeokoa siku moja tu. Kumbe nilikuwa nimeanzisha kitu ambacho watu wangekuja kukitafuta kutoka mbali. Maana wale wawili walikuwa na ubishi wa kuzaliwa nao, na kanga iliwapa uhuru wa kubishana bila kukosa adabu. Bibi alisimulia jinsi ua wa mtemi wa Busubi ulivyokuwa mkubwa. Upande wa pili ngoma ikagonga mara mbili, na sauti ikasema: "Naomba mumwambie mama wa upande wa pili kwamba ngoma ya kwetu Bugufi ilikuwa inasikika mpaka huku."

Abiria wakageuka wakamwambia.

"Mwambieni aliyesema hivyo," bibi akajibu, "ilisikika kwa sababu huku kulikuwa kimya, watu wanafanya kazi."

Abiria wakageuka tena wakamwambia, wakicheka wanafuta machozi. Ilikuwa hivyo njia nzima, kwenye kanisa la zamani, kwenye mivumu, kwa wafinyanzi, mpaka Bomani. Wazungu walipeleka ujumbe kwa Kiswahili chao cha kuungaunga, wanafunzi wakapeleka kwa kupiga mayowe. Kulikuwa na mwalimu mkimbizi aitwaye Evarista aliyekuwa akileta watoto wa kambini kwa kibali. Mara ya kwanza alipoiona ile kanga alishika mdomo. Akaniambia, "Dada, mama mkwe wangu nilimwacha kwetu. Sikujua kama ningekuja kumkumbuka na yeye." Alicheka, halafu akatazama pembeni kidogo, halafu akacheka tena. Tangu siku ile alikuwa anatuletea watoto kila Jumapili aliyopewa kibali.

Mimi niliipenda kazi ile, niseme nini. Niliamka Jumapili nikiimba. Mume wangu alisema kama ningempenda yeye hivyo tungekuwa mbali.

Kisha akaja Bwana Mkaguzi. Ofisi za juu zilikuwa zimeamua mali chakavu ipigwe mnada, na trekta letu kwa macho ya mtu wa kawaida lilikuwa limechakaa kupita maelezo. Alifika na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, akalizunguka trekta, akapiga teke gurudumu moja taratibu. Aliniambia bila kuficha kwamba haoni sababu ya kuliacha, lakini kwa haki atapanda Jumapili moja aone kazi yake, na Jumatatu ataandika uamuzi. Sospeta akasikia, akaenda kukaa peke yake ndani ya banda. Bibi Veneranda nilipompa habari alivuta kanga. Halafu akauliza, "Sasa yule wa upande wa pili tutaongea naye wapi?"

Hilo liliniingia. Sikuwa nimefikiri kwamba nje ya lile tela hawana mahali. Nyumbani kwa binti yake bibi alikuwa akifika, Domisiani anatoka kwa mlango wa nyuma. Msibani mmoja anakaa na wanaume, mwingine na wanawake. Ubishi wao wote, miaka yote, ulikuwa unaishi Jumapili kati ya soko na Boma. Domisiani naye alinijia kivyake, akaniomba tu nimketishe Bwana Mkaguzi mahali pazuri.

Nilimketisha kweli. Yeye mwenyewe alikataa benchi la kulia na la kushoto, akasema mkaguzi lazima aone pande zote. Tukamwekea kigoda nyuma, penye mwisho wa kanga, goti moja huku na goti moja kule. Mwalimu Evarista na watoto wake wakajaza mabenchi. Bibi Veneranda alikuja na kikapu cha mayai, zawadi kwa mgeni atakapofika Bomani, akakaa mwisho wa benchi kama kawaida yake. Sospeta akaikagua pini, nikainama nikaigusa. Nikagonga rimu.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Wote wawili walikuwa na hofu, wakasimulia kwa adabu kama watu wanaosoma risala. Bibi akasema ua ulikuwa mkubwa, na upande wa pili hakuna aliyebisha. Bwana Mkaguzi akaitazama saa yake. Mimi kule mbele nilikuwa nasali rozari kwa vidole.

Tulipoanza kupanda kilima cha Boma, trekta likaguna, tela likashtuka, na pini ikakatika. Ilikuwa imekaguliwa asubuhi ile ile, lakini chuma nacho huchoka bila kutoa taarifa. Sospeta hakusikia kitu kwa mngurumo wa lile trekta. Nilimwona akipanda kilima peke yake, mgongo umenyooka, anapunga mkono kwa watu wa pembeni. Sisi tukabaki tumesimama kidogo. Halafu tukaanza kurudi nyuma, kwanza polepole, kiungwana kabisa.

Watoto walishangilia. Walidhani ni sehemu ya ziara.

Domisiani ndiye aliyetambua kwanza. Mtu asiyekuwa wa huku atauliza, si angevuka tu ile kanga akavute breki mwenyewe? Namjibu kwamba angeweza pia kuvua nguo akacheza sokoni, miguu anayo. Domisiani alifanya alichokijua.

"Bwana Mkaguzi!" akaita. "Mwambie mama wa upande wa pili avute breki!"

Bwana Mkaguzi aligeuka kulia, akasema kwa sauti ya ofisini: "Mama, unaombwa uvute breki."

"Buleki ipi?"

"Anauliza breki ipi."

"Chuma kirefu kilicho mgongoni kwake!"

"Chuma kirefu, mama, mgongoni kwako!" Sauti ya ofisini ilikuwa imeanza kupanda, maana na tela lilikuwa limeanza kukimbia.

"Mwambieni hicho nimekitundikia kikapu!"

"Anasema kina kikapu!"

"Mwambie atundue!"

"Atundue! Yaani, utundue, mama!"

"Mna mayai!"

"Mna mayai!" Bwana Mkaguzi akapiga kelele upande wa kushoto, kigoda kinamchezesha, tai imepanda begani. Vichaka vilikuwa vinatupita. Mimi nilikuwa nagonga rimu kwa nguvu zangu zote, sijui kwa nini, mikono tu ilikuwa inataka kazi.

"Mwambie," akasema Domisiani, na hata katika hali ile akaipunguza sauti kwa heshima, "mwambie namsihi."

Hilo Bwana Mkaguzi hakuwahi kulifikisha. Bibi alilisikia mwenyewe. Akang'oa kikapu, akakibwaga juu ya mapaja ya Bwana Mkaguzi, akashika chuma kwa mikono miwili akakivuta huku akiwaita watakatifu wote wa misheni. Magurudumu yakalia. Tela likapunguza mwendo lakini halikusimama, na mbele yetu, yaani nyuma yetu, kulikuwa na mtaro. Domisiani akaruka chini akiwa na jiwe alilookota sijui wapi, akalitupa chini ya gurudumu, akateleza, akatumbukia mtaroni. Tela likapanda juu ya jiwe, likakwama, likatulia kando ya shamba la migomba. Kanga zetu zilikuwa zimekatika kamba, zimepeperuka mpaka kwenye mgomba.

Hakukuwa tena na pazia, na bibi alikuwa anatazama mtaroni.

"Domisiani!" akaita. "Domisiani, umeumia?"

Watoto wale, wa Rwanda na wa Burundi na wa kwetu, wote waliacha kupumua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kilichotokea. Hata Mwalimu Evarista alivua kofia. Kule mtaroni Domisiani alikuwa amekaa kwenye matope, amegeuza uso kabisa upande wa migomba ili asimwone. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Bwana Mkaguzi," akasema hatimaye, "mwambie mama sijaumia."

Bwana Mkaguzi alikuwa amekaa sakafuni mwa tela, mayai yamepasukia kwenye suti, ute unachuruzika kwenye viatu. Akageuka kwa heshima zote.

"Mama," akasema, "hajaumia."

"Mwambie namshukuru Mungu."

"Anamshukuru Mungu."

Kisha akaanza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikampanda, akashindwa kukizuia. Watoto wakamfuata, Evarista akamfuata, na mimi nikakaa chini ya rimu nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Sospeta akaja akikimbia kutoka kilimani, uso umepauka, kwa sababu alikuwa amefika Bomani, amezima injini, amegeuka kutangaza kituo, na hakukuta mtu.

Bwana Mkaguzi akasimama, akafuta suti kwa jani la mgomba. Mimi nilikuwa karibu naye kabisa, ningeweza kumnyooshea tai. Hakunitazama. Akamgeukia Evarista.

"Mwalimu, mwambie Bi Utamaduni kwamba trekta na tela haviuzwi. Na mwambie atafute pini ya maana, la sivyo nitamuuza yeye."

"Mwambie nimesikia," nikasema, na nililia hadharani, bila aibu hata kidogo.

Tela tuliliacha pale, tukapanda Bomani kwa miguu, maana Bwana Mkaguzi alisema Boma hajaliona bado na kazi ni kazi. Domisiani alitangulia mbali mbele na ngoma yake, watoto wamemzunguka. Mimi nilitembea nyuma na Bibi Veneranda, nimembebea kikapu kitupu. Nilimwambia asihuzunike kwa lile lililomtoka, ilikuwa hatari, hata padre angeelewa.

"Nihuzunike kwa nini?" akasema. "Agnesi analiita jina lile asubuhi na jioni. Wajukuu wangu wanaitwa nalo shuleni. Watu wa sokoni, watu wa kanisani, kila mtu analo mdomoni isipokuwa mimi. Nimelibeba tumboni tangu alipokuja kuchumbia." Akafunga kanga yake vizuri. "Leo nimelionja. Kumbe ni jina tamu, mwanangu. Domisiani."

Alilisema kwa sauti yake ile ile ya kuamsha kijiji. Kule mbele ngoma ilipiga, ikasita, ikakosea, ikajaribu tena, na mpiga ngoma bora niliyewahi kufanya naye kazi hakupata mdundo hata mmoja mpaka tulipofika Bomani.